Pua ya Fundi Haitoshi

Leo mazungumzo yetu yanashuka chini ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatupaangalii mpaka paanze kupiga kelele. Ni kwenye ekzosi, bomba la moshi. Nataka tuzungumze juu ya kifaa cha sentimita chache tu, kinachofungwa kwenye ukuta wa bomba hilo huku ncha yake ikibaki ndani ya moshi: sensa ya oksijeni yenye upeo mpana. Vijana wa magari ya mashindano wanaiita waidibendi, nami nitaiita hivyo hivyo ili tuelewane.

Hoja yangu naitoa mapema. Katika mji ulioinuka kama Kigali, fundi anayepunguza au kuongeza mafuta ya injini bila kipimo hiki anabahatisha. Hasara ya kubahatisha huko haimwangukii yeye. Inamwangukia mwenye gari kila anapojaza tangi, na inawaangukia wote wanaotembea kando ya barabara, watoto wa shule kwanza.

Kwa nini nalileta jambo hili sasa? Kwa sababu tangu Agosti 2025 Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, imeanza kupima moshi wa magari na pikipiki kwa mashine. Sheria ya kulinda ubora wa hewa ilikuwapo tangu 2016, lakini sheria bila kipimo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuisikia. Sasa kipimo kipo. Anayeshindwa anarudi gereji na tarakimu mkononi, na tarakimu hazibembelezeki. Mashine za kupima moshi wa petroli, popote duniani, husoma gesi ya kaboni monoksidi, husoma haidrokaboni, yaani petroli iliyopita bila kuungua, na mara nyingi huandika pia namba inayoitwa lambda.

Lambda ni jambo jepesi. Petroli gramu moja inahitaji hewa gramu 14.7 hivi ili iungue yote, pasibaki petroli wala oksijeni. Injini ikipata uwiano huo barabara, lambda ni 1. Ikishuka chini ya 1, mafuta yamezidi. Ikipanda juu ya 1, hewa imezidi. Basi. Shida yote ya moshi mweusi, ya gari linalokula mafuta, ya injini inayochemka mlimani, nyingi yake inaanzia kwenye namba hii moja.

Sasa mwenye gari anakwenda Gatsata, mtaa wa gereji hapa Kigali. Fundi wa Gatsata simdharau hata kidogo, na sipendi kusikia akidharauliwa. Nimewaona pale watu wanaofungua injini nzima na kuirudisha bila kubakiza nati. Lakini angalia anavyopima mchanganyiko wa mafuta. Anafungua plagi, anatazama rangi. Anaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, anakinusa. Anapitisha kidole ndani ya bomba, anatazama masizi. Kisha anaosha nozeli, anabadilisha plagi, anakaza hapa na kulegeza pale, halafu anasema: nenda kajaribu tena.

Kusoma rangi ya plagi kulikuwa na maana kubwa zaidi zamani, petroli ilipokuwa na risasi. Risasi ile iliacha rangi bayana juu ya kauri ya plagi, na mzee aliyejifunza kazi miaka hiyo alijua rangi ya kahawia inasema nini na nyeupe inasema nini. Petroli ya leo haina risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Dunia nzima ilimaliza mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Plagi ya leo inaweza kukaa safi huku injini ikizidisha mafuta kwa kiasi cha kuumiza mfuko. Na kuondoka kwa risasi ndiko kulikofungua mlango wa kifaa tunachokizungumzia, kwa sababu risasi huiua sensa ya oksijeni. Zama za petroli yenye risasi, kufunga sensa hii katika gari la huku kungekuwa kutupa fedha.

Nimesema mji ulioinuka. Kigali iko mita 1,567 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkandamizo wa hewa hapa ni kama hektopaskali 840, wakati Dar es Salaam na Mombasa, ufukweni, ni 1,013. Oksijeni katika hewa ni asilimia ile ile, 20.9, usiku na mchana. Kilichopungua ni wingi wa hewa yenyewe katika kila pumzi ya injini. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Ukichukua injini ya kabureta iliyorekebishwa vizuri ufukweni ukaipandisha mpaka hapa bila kubadilisha jeti, itazidisha mafuta kwa asilimia 7 au 8 hivi. Lambda itakuwa kwenye 0.93, na kaboni monoksidi itapanda. Usidhani kabureta zimekwisha. Ziko kwenye jenereta nyuma ya maduka yetu, ziko kwenye magari ya zamani, na ziko kwenye pikipiki nyingi za abiria ambazo bado zinafanya kazi, ingawa tangu 2025 pikipiki mpya za kusajiliwa kwa abiria Kigali zinatakiwa ziwe za umeme.

Gari la sindano za mafuta, lenye kompyuta, linajitahidi zaidi. Lina sensa ya kupima mkandamizo au uzito wa hewa inayoingia, na kompyuta hupunguza petroli kadiri hewa inavyopungua. Chukua safari moja tu ya kwetu: mtu anatoka Kigali, anapita Huye, anapanda msitu wa Nyungwe ambako barabara inafika karibu mita 2,500, kisha anateremka hadi Bugarama, mita 950 hivi, mahali pa chini kuliko pote nchini. Kompyuta yenye afya hufuata mabadiliko hayo yote bila dereva kujua. Lakini magari yetu mengi yalifika yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya, Dubai au Japani. Sensa zake zimezeeka, waya zake zimekatwa na kuungwa mara kadhaa, na wakati mwingine kompyuta yenyewe ilitolewa katika gari jingine. Kompyuta inayoambiwa uongo na sensa zake itatoa mafuta kwa uongo huo huo, kwa utii kabisa.

Msikilizaji mmoja atasema: gari langu lina sensa ya oksijeni tayari, tena mbili. Ni kweli. Bosch walianza kuuza sensa ya oksijeni ya magari mwaka 1976, ikafungwa kwanza kwenye Volvo zilizokuwa zinakwenda Marekani. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia. Kauri hiyo ikipata moto mkali hupitisha oksijeni, na hutoa umeme kidogo pale oksijeni ya upande mmoja inapozidi ya upande wa pili. Mafuta yakizidi, sensa hutoa volti 0.9 hivi. Hewa ikizidi, hushuka hadi 0.1. Katikati, palepale kwenye lambda 1, inaruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo sensa ya kawaida inajua kusema mafuta yamezidi au hewa imezidi. Yamezidi kiasi gani, haisemi. Kwa kompyuta inayotaka kukaa karibu na 1 hilo linatosha. Kwa fundi anayetafuta ugonjwa halitoshi.

Waidibendi, iliyoingia kwenye magari miaka ya 1990, inatumia kauri ile ile kwa ujanja wa ziada. Ndani ya ncha yake mna kichumba chembamba mno ambamo moshi hupenya taratibu. Upande mmoja kuna kauri inayopima, upande mwingine kauri inayosukuma oksijeni. Mfikirie mtu aliyeambiwa alinde pipa la maji libaki kwenye mstari: likipungua anajaza, likizidi anachota, na wewe ukitaka kujua hali ya pipa humuulizi kuhusu pipa, unahesabu ndoo zake. Ndivyo kidhibiti cha waidibendi kinavyofanya. Kinasukuma oksijeni ndani au nje ya kichumba hicho mpaka kauri inayopima isome volti 0.45, na umeme kiliotumia kusukuma ndio unaogeuzwa kuwa lambda kwenye kioo cha kusomea namba. Kwa hiyo unaona 0.80, unaona 0.93, unaona 1.10, kila wakati, injini ikiwa inafanya kazi barabarani.

Kazi hiyo inahitaji joto la uhakika. Sensa moja inayotumika sana, LSU 4.9 ya Bosch, hupashwa na hita yake ya ndani hadi nyuzi 780 za Selisiasi. Shika namba hiyo, kwa sababu sensa nyingi zinazokufa mapema hufa kutokana na joto hilo kukutana na kitu kisichotakiwa.

Basi tuingie chini ya gari.

Mahali pa kuifunga ndipo kazi inapoharibika au kunyooka. Iwe baada ya mabomba ya silinda zote kukutana, ili isome injini nzima, si silinda moja. Iwe kabla ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, kwa maana masega hubadilisha moshi. Kwenye gari lenye tabo, ile pampu ya kusukumia hewa injini, iwe baada ya tabo, kwa kuwa kabla yake kuna joto na mkandamizo wa kuiua. Kwa gari la kawaida, nusu mita hadi karibu mita moja kutoka kwenye injini panafaa. Na isifungwe kwenye tumbo la chini la bomba. Asubuhi, hasa hizi asubuhi zetu za ukungu na baridi, injini ikiwaka bomba hutoa maji, maji hasa, unayaona yakidondoka nyuma. Maji hayo hulala chini ya bomba. Tone moja likiruka juu ya kauri yenye nyuzi 780, kauri hupasuka. Kwa hiyo sensa ifungwe upande wa juu, imeinama kidogo, walau nyuzi 10 juu ya mstari wa ulalo, maji yateremke yaende zake. Kwa sababu hiyo hiyo, hita isiwashwe kabla injini haijawaka.

Tundu linatobolewa, halafu inachomelewa nati nene ya chuma yenye uzi wa milimita 18. Hapa namwomba fundi wa kuchomelea awe na subira. Atoe waya wa betri kwanza, maana umeme wa kuchomelea ukipita kwenye kompyuta ya gari, gharama yake ni kubwa kuliko kazi nzima. Asichomelee sensa ikiwa ndani. Badala yake afunge bolti au sensa mbovu ya zamani kwenye nati hiyo, ili joto lisikunje uzi wake. Ashike nukta nne kwanza, aache ipoe, kisha azungushe. Mchomeleo uzunguke wote bila kuacha hata tundu la sindano, na nitaeleza kwa nini baada ya muda mfupi.

Sensa mpya huja na grisi maalum kwenye uzi. Ukihitaji kuongeza, paka uzi tu, ncha usiiguse. Silikoni ya mirija, ile tunayoipaka kila mahali kuzuia mafuta yasivuje, isikaribie kabisa, kwa sababu mvuke wake hufunika kauri na sensa huwa kipofu. Kaza kwa kipimo, nyutoni mita 40 hadi 60, si kwa kuning'inia juu ya spana.

Na sasa jambo ambalo ningependa kila fundi wa umeme wa magari mjini alisikie. Plagi ya waya za waidibendi usiikate. Tumezoea: plagi haiingiani, tunakata, tunasokota waya, tunafunga utepe, tunaendelea. Kwa sensa hii haifai. Ndani ya ile plagi mna kizuizi kidogo cha umeme kilichorekebishwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo moja, kwa kuwa hakuna sensa mbili zinazotoka sawa kabisa. Ukiitupa plagi umetupa hesabu ya kiwandani, na kioo kitakuonyesha namba nzuri ambazo si za kweli. Waya ikiwa fupi, nunua kirefusho. Umeme wa kidhibiti uchukue kwenye waya unaowaka na swichi, wenye fyuzi yake, na hasi yake iende kwenye injini mahali palipokwanguliwa rangi, penye chuma kitupu.

Kuna kosa jingine linalotokana na macho. Toyota nyingi za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani zikiwa na sensa ya mbele ya upeo mpana na ya nyuma ya kawaida. Kwa nje zinafanana. Dukani unapewa yoyote inayoingia kwenye uzi, gari linawaka, na wiki ya pili taa ya injini inarudi na mafuta yanaisha haraka. Sensa ya mbele ya RAV4 inunuliwe kwa namba yake, si kwa sura.

Imefungwa, imewaka, kioo kinaonyesha namba. Sasa barabarani. Wataalamu wa nchi tambarare hulazimika kutumia mashine kubwa za kuzungusha magurudumu ili kuipa injini mzigo. Sisi tumepewa milima. Anzia Kimisagara, upande hadi Nyamirambo, gia ya pili, mtu mmoja anaendesha na mwingine ameshika kioo. Usijaribu peke yako, dereva atazame barabara. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ikiwa na moto wa kutosha, namba icheze karibu na 1. Ukipanda taratibu, ibaki karibu na 1. Ukikanyaga mpaka chini, injini ya petroli isiyo na tabo inatakiwa ishuke kidogo, 0.85 hadi 0.90, kwa sababu mafuta ya ziada wakati huo yanapoza silinda na kulinda pistoni. Ukikanyaga mpaka chini ukaona 1.05, achia mara moja. Injini inapiga mlima kwa njaa, na vali au pistoni zitaungua siku si nyingi. Mara nyingi utakuta ni pampu ya mafuta iliyochoka au chujio lililojaa uchafu, na hakuna pua wala kiganja ambacho kingekuonyesha hilo, kwa sababu gari lenye njaa halitoi moshi mweusi wala harufu.

Ukifika juu ukageuza kuteremka, ukaondoa mguu, namba itapaa mpaka mwisho wa kioo. Usishtuke. Kompyuta imekata petroli yote kwa kuwa gari linajivuta lenyewe, na kinachopita kwenye bomba ni hewa tupu. Ukiona namba haipai unapoteremka, hapo ndipo penye swali: nozeli inavuja, au kompyuta haijui kwamba mguu umeondoka.

Nilisema mchomeleo usiache hata tundu la sindano. Sababu ni hii. Moshi hautoki kwenye injini kwa mkondo mmoja, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo mkandamizo ndani ya bomba hushuka chini ya ule wa nje, na kila ufa ulio mbele ya sensa hunyonya hewa. Sensa inaona oksijeni hiyo na kuripoti kwa uaminifu: hewa imezidi. Fundi anaongeza mafuta. Namba bado inasema hewa. Anaongeza tena. Gari linaanza kunuka petroli na kioo bado kinasema lina njaa. Gasketi ya manifoldi iliyoungua inatosha kuleta balaa hilo. Kwa hiyo kabla ya kuamini kioo, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene injini ikiwa baridi inaunguruma, sikiliza panapopumua, paka maji ya sabuni kwenye viungo. Gari lenye silensa iliyotoboka huweza kudanganya hata mashine ya kupima moshi ya serikali, na kituo makini hulikataa gari hilo kabla ya kulipima.

Silinda isiyowaka vizuri nayo hupotosha. Plagi imekufa, petroli na hewa vinapita vyote bila kuungua. Sensa haihesabu petroli, inahesabu oksijeni, na oksijeni iko nyingi. Itasema hewa imezidi wakati silinda hiyo inamwaga petroli mbichi kwenye bomba. Hapa ndipo fundi mkongwe anapohitajika kuliko wakati wowote, yule anayesikia kwa sikio tu kwamba silinda moja imelala. Waidibendi haimfukuzi kazini. Inamwongezea ushahidi.

Na masega. Naomba nilisemee hili kwa uchungu, maana limeenea kuanzia hapa hadi Mombasa. Gari likipungua nguvu mtu anaambiwa masega yameziba, yatolewe. Yanatolewa, yanauzwa kwa sababu ya platini, paladi na rodi iliyomo, na bomba linachomelewa tupu. Gari linapata nguvu, mwenye gari anashukuru. Hakuna aliyeuliza masega yalizibwa na nini. Masega hufanya kazi vizuri pale tu lambda inapokaa karibu kabisa na 1. Yakilishwa petroli iliyozidi, yanaichomea ndani yake, yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka na kuziba. Ugonjwa ulikuwa kwenye mchanganyiko, yaliyokatwa ni mapafu. Nusu saa ya kioo cha waidibendi ingeonyesha ugonjwa kabla masega hayajafa, na sasa mtu huyo akifika kwenye kipimo cha REMA hana cha kumsafishia moshi, hata mchanganyiko ukinyooshwa.

Wenye dizeli wanisamehe, moshi wao hupimwa kwa giza lake, na dawa yake ni mazungumzo mengine.

Huku kwetu wanaojua thamani ya kifaa hiki vizuri zaidi ni watu wa mashindano. Nenda Bugesera siku za Mountain Gorilla Rally, duru ya ubingwa wa Afrika, ukaangalie Subaru na Mitsubishi zenye tabo zikipita kwenye vumbi jekundu. Fundi wa gari la namna hiyo hawezi kunusa ekzosi akaridhika. Tabo ikisukuma hewa na mafuta yakachelewa kwa sekunde chache, pistoni inatobolewa na mashindano yameisha. Tarehe 13 Desemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilifanya mkutano wake mkuu na kutoa zawadi zake hapa hapa Kigali, mara ya kwanza Afrika, Max Verstappen akaja kupokea kombe lake la nne la Formula 1, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano hayo. Nilifurahi kama wengine. Lakini faida ya mbio za magari ninayoitamani zaidi ni ujuzi huu wa kupima kushuka kutoka kwenye gari la mashindano hadi kwenye Carina ya mwalimu inayopanda Gatsata kila asubuhi.

Bei ya waidibendi haimwezeshi kila fundi kuwa na yake, najua. Hakuna ulazima. Sensa moja, kidhibiti kimoja na kioo kimoja vinaweza kuhudumia ushirika mzima wa mafundi, kwa sababu kinachobaki kwenye gari la mteja ni ile nati tu. Kuna hata vishikizo vya kubana sensa kwenye mdomo wa ekzosi bila kuchomelea chochote. Kwa gari lenye masega namba zake hazitakuwa kamili, lakini kwa kutafuta ugonjwa mkubwa zinafaa sana. Vijana wanaosoma ufundi wa magari katika chuo cha ufundi kule Kicukiro wangefaa wamalize masomo wakiwa wamekwisha kuifunga sensa hii kwa mikono yao wenyewe, si kwa kuiona kitabuni.

Nimeulizwa kama haya yote yana maana wakati magari ya umeme yanaingia. Angalia barabara ya kwenda Remera saa kumi na moja jioni, uhesabu ya petroli. Hayo yatakuwa nasi miaka mingi bado, yakizeeka, na gari linalozeeka ndilo linalohitaji kupimwa zaidi.

Jambo la mwisho, kwa fundi anayekusudia kuazima na kuazimisha kifaa hiki. Ukimaliza kupima usiiache sensa ndani ya bomba ikiwa haina umeme. Hita ikizimwa, kauri inapoa, masizi yanaingia kwenye kile kichumba chembamba na hayatoki tena. Iondoe sensa wakati injini bado ina uvuguvugu, kwa kuwa ikipoa kabisa uzi hung'ang'ana. Iweke kwenye boksi lake, na ile nati iliyobaki kwenye bomba la mteja uifunge kwa bolti ya milimita 18 yenye washa ya shaba, uikaze, uwashe injini, usikilize kama haipumui.